Damu ya Ukoo na Damu ya Mishipa



Katika lugha yetu neno "damu" lina kazi nyingi. Twasema, "Huyu ni damu yangu", maana yake ni mtoto wangu, au ndugu yangu, au mtu wa ukoo wetu. Twasema pia kwamba mgonjwa amepungukiwa damu, maana yake kile kitu chekundu kinachozunguka katika mishipa hakitoshi tena. Neno ni moja, lakini mambo ni mawili. Seminarini, katika masomo ya filosofia, tulifundishwa kwamba mtu akitumia neno moja kwa maana mbili bila kuangalia, aweza kuanza na maneno ya kweli na kufika kwenye uongo. Somo hilo halikubaki vitabuni. Katika kazi yetu ya ukatekista tumewasindikiza wagonjwa wengi hospitalini, na tumeona kwamba kosa hilo la neno moja laweza kuua mtu, tena laweza kuvunja nyumba ya watu waliooana.

Angalieni kosa lenyewe. Mtu asema: "Mtoto huyu ni damu yangu. Damu yangu haiwezi kumdhuru. Basi mtieni upesi, ya nini kupima?" Hilo ni kosa la kwanza. Mwingine, akiisha kuambiwa kwamba damu yake haipatani na ya mtoto, asema: "Kumbe! Damu yake si kama yangu. Basi mtoto si wangu." Hilo ni kosa la pili, nalo ni pacha wa lile la kwanza. Wote wawili wamechanganya damu ya ukoo na damu ya mishipa. Leo twataka kutenganisha mambo hayo mawili, ili kila msomaji ajue la kufanya siku ile atakapofika hospitalini na mgonjwa mikononi.

Yafaa tujue kwanza namna madaktari walivyofahamu jambo hili. Mwaka 1818 daktari mmoja wa London, James Blundell, alianza kuwatia wagonjwa damu ya watu wengine. Alifikiri hasa akina mama wanaotokwa na damu nyingi wakati wa kuzaa. Katika miaka iliyofuata wagonjwa wengine walipona, wengine walikufa, wala hakuna aliyejua sababu. Hali ilikuwa hiyo kwa miaka themanini. Ndipo daktari Karl Landsteiner, katika mji wa Vienna, alipochukua damu yake mwenyewe na ya wenzake wa kazini. Akatenga chembe nyekundu na maji ya damu, kisha akachanganya maji ya huyu na chembe za yule, mmoja mmoja. Akaona kwamba mara nyingine damu inabaki laini, na mara nyingine inagandamana kama uji uliojaa madonge. Nao wote walikuwa watu wazima wa afya. Basi kugandamana huko hakukutoka katika ugonjwa. Kulitoka katika umbo la damu yenyewe, jinsi kila mtu alivyozaliwa.

Mwaka 1901 Landsteiner aliandika habari ya makundi matatu ya damu, na mwaka 1902 wenzake waligundua la nne. Mwaka 1907, mjini New York, daktari Reuben Ottenberg alianza kupima damu ya mgonjwa na ya mtoaji kabla ya kuitia. Mwaka 1930 Landsteiner alipewa tuzo ya Nobel. Alizaliwa tarehe 14 Juni 1868, na tangu mwaka 2004 tarehe hiyo ndiyo siku ambayo dunia nzima huwashukuru watoaji wa damu.

Makundi hayo manne, au gurupu kama wasemavyo hospitalini, ni haya: A, B, AB na O. Tuyaeleze kwa mfano. Chembe nyekundu za damu zina alama juu yake, kama ng'ombe walivyo na chapa ya mwenyewe. Mtu wa A ana chapa A. Mtu wa B ana chapa B. Mtu wa AB ana chapa zote mbili. Mtu wa O hana chapa hata moja ya hizo. Tena, ndani ya maji ya damu mna askari. Askari hao hawaigusi chapa ya nyumbani, lakini wakiona chapa ya kigeni huirukia. Mtu wa A ana askari wa kupiga B. Mtu wa B ana askari wa kupiga A. Mtu wa O ana askari wa kupiga zote mbili. Mtu wa AB hana askari wa namna hiyo kabisa.

Sasa fikirini mtoto wa O ametiwa damu ya A. Askari wake hawaulizi kama damu hiyo imetoka kwa baba yake mpenzi au kwa mgeni wa njiani. Wao huangalia chapa tu. Huzishambulia chembe, huzipasua, na uchafu wake huenda kuziba na kuharibu mafigo. Mgonjwa hutetemeka, hupata homa, huumwa mgongo na kifua, pumzi humpungukia, na mkojo wake huwa mwekundu au mweusi. Aweza kufa kwa damu ile ile iliyotolewa kwa mapendo. Mapendo ya baba ni ya kweli, lakini hayabadilishi chapa.

Iko pia chapa nyingine kubwa, iitwayo Rhesus. Aliye nayo huitwa pozitifu, asiye nayo huitwa negatifu. Hapa kwetu watu wa negatifu ni wachache. Kwa sababu hiyo, akipatikana mama wa negatifu, yafaa ajulikane mapema, tangu mimba ya kwanza, kwa maana damu ya mtoto wa pozitifu yaweza kuamsha askari wa mama, nao wakawapiga watoto watakaofuata. Tangu mwaka 1968 iko sindano ya kuzuia jambo hilo.

Basi, watu wa maabara, yaani laboratwari, wanafanya nini wanapotuambia tungoje? Kwanza wanapima kundi la mgonjwa na kundi la mtoaji. Lakini hiyo haitoshi. Mbali na A, B na Rhesus ziko chapa nyingine nyingi ndogo, na mtu aliyewahi kutiwa damu, au mama aliyekwisha kubeba mimba, aweza kuwa na askari dhidi ya mojawapo ya hizo. Kwa hiyo wanafanya kipimo cha kupatanisha. Huchukua maji ya damu ya mgonjwa, huyachanganya na chembe za mtoaji katika kichupa kidogo, huziweka katika joto kama la mwili wa mtu, digrii 37, kisha huongeza dawa inayofichua askari waliojificha. Kazi hiyo ya kufichua ilielezwa mwaka 1945 na Coombs na wenzake wawili, nchini Uingereza. Chembe zikigandamana, damu hiyo inakataliwa. Zikibaki laini, inakubaliwa. Kwa maneno mengine, wanayafanyia vita ndani ya kichupa, ili vita visifanyike ndani ya mwili wa mtoto wetu.

Kipimo hicho kikifanywa chote chaweza kuchukua muda kama wa saa nzima. Twajua kwamba saa hiyo ni ndefu sana kwa mama aliyemshika mtoto mwenye viganja vyeupe. Lakini wahenga walisema, haraka haraka haina baraka. Ikiwa kweli hakuna nafasi ya kungoja, daktari ndiye mwenye kuamua, naye aweza kuamuru chembe za O kabla kipimo hakijaisha. Hiyo si kazi ya shangazi mwenye kulia, wala ya mjomba mwenye cheo, wala ya katekista. Tumeona watu wakipiga mlango wa maabara, wakimtukana kijana aliye ndani, wakisema kwamba anataka pesa. Kama kweli mtu anadai rushwa, tumshitaki kwa wakubwa wake. Lakini tusimharakishe mtu anayehesabu matone.

Sasa tuje kwenye kosa la pili, ambalo ndilo linalotuumiza zaidi sisi tunaokaa na wakristu katika nyumba zao. Watu wengi wadhani kwamba mtoto ni lazima awe na kundi la baba au la mama. Si hivyo. Kila mtu amebeba mbegu mbili za kundi la damu, moja kutoka kwa baba yake, moja kutoka kwa mama yake. Naye akizaa, humpa mtoto wake mbegu moja tu kati ya hizo mbili. Mbegu ya O ni kama mtu mnyamavu barazani: ikikaa pamoja na A, ni A peke yake inayosikika, ikikaa pamoja na B, ni B peke yake inayosikika. Basi baba aweza kuitwa A, kumbe ndani yake amebeba A na O. Mama aweza kuitwa B, kumbe amebeba B na O. Baba akitoa O na mama akitoa O, mtoto atakuwa wa O. Watu hao wawili, katika ndoa ya uaminifu kabisa, waweza kuzaa watoto wanne wa makundi manne: A, B, AB na O. Na yule mtoto wa O hawezi kupokea chembe za baba yake, wala za mama yake, wala za ndugu zake watatu. Wote ni damu yake kwa ukoo, wala hakuna hata mmoja anayefaa kwa mishipa yake.

Jambo hilo tumeliona kwa macho. Mtoto wa miaka mitatu aliletwa hospitalini jioni, malaria imemla damu yote. Baba alinyoosha mkono mara moja. Baada ya kupima, fundi wa maabara alitoka akasema barazani, mbele ya watu wote: "Papa, damu yako ni nzuri, lakini haipatani na ya mtoto." Mama naye akapimwa, naye hakufaa. Dada ya yule baba akapiga makofi, akasema: "Tumesikia wenyewe. Hana damu ya baba, tumtafute baba yake." Mama akakaa chini, akajifunika uso kwa kitenge. Baba hakusema neno. Alisimama, akaelekea mlangoni.

Tulimfuata nje. Akatuambia: "Mwalimu, usinifundishe. Karatasi imekwisha kusema." Tukamjibu: "Papa, karatasi imesema nini? Tuisome pamoja." Tukamwomba fundi yule atoke aeleze. Alikuwa kijana wa heshima, na alipofahamu mambo aliyoyaamsha aliogopa. Akaokota punje nne za mahindi, mbili nyeupe na mbili za rangi, akazipanga juu ya ukuta, akamwonyesha yule baba namna punje mbili nyeupe, moja ya kila mzazi, zinavyoweza kukutana ndani ya mtoto mmoja. Baba aliziangalia muda mrefu. Kisha akauliza neno moja tu: "Hata mimi naweza kuwa nimebeba hiyo nyeupe?" Fundi akasema: "Ndiyo, Papa. Wewe na mama, wote wawili."

Wakati huo mtu mmoja aliyekuwa akimlinda mke wake katika kitanda cha pili alikuwa amekwisha kupimwa. Hakuwa wa kabila letu, wala hatukusikilizana naye kwa lugha ya nyumbani, ila kwa Kiswahili. Damu yake ilikuwa O, nayo ilipatana. Kabla ya usiku wa manane matone yalianza kuingia. Mtoto alipona. Lakini neno la shangazi lilichukua miezi kabla ya kupona, na mpaka leo hatujui kama limepona lote.

Twasema basi waziwazi: kipimo cha kupatanisha damu hakikuwekwa kuhukumu wanawake. Kimewekwa kujibu swali moja tu: je, chembe hizi zitakaa salama ndani ya mwili huu? Mtu akitaka kukifanya kuwa baraza la ukoo, amekitumia kwa kazi isiyo yake. Hata pale ambapo makundi ya wazazi na mtoto yanaonekana kutoelekeana kabisa, yaweza kuwa kuna karatasi ya zamani iliyoandikwa vibaya, au mbegu za namna ya nadra ambazo madaktari wanazijua. Asiyejua hayo asifungue kinywa chake juu ya heshima ya mwenzake. Nao wauguzi na watu wa maabara twawaomba kwa upole: neno la namna hiyo lisitangazwe barazani. Mwiteni mtu kando, mweleze, na kumbukeni kumwambia kwamba kutopatana si ushahidi wa kitu cho chote.

Kuna neno lingine la kujua kuhusu jamaa. Madaktari hawapendi mume ampe damu mke wake ambaye bado anazaa. Kwa nini? Kwa sababu mwili wa mke waweza kujifunza kupiga zile chapa ndogo za mumewe, na siku nyingine kupiga mimba iliyorithi chapa hizo. Basi mume akiambiwa apishe mtu mwingine, asione kwamba amedharauliwa.

Tutafanya nini siku ya haja? Tuyaweke maneno machache moyoni.

Kwanza, tusimpeleke mtoaji mmoja tu. Twende watatu au wanne wenye afya, hata majirani, hata watu wa jumuiya nyingine. Tena tuseme ukweli tukiulizwa juu ya magonjwa na mwenendo wetu. Mbali na kupatanisha, damu hupimwa pia kama ina ukimwi, homa ya ini au kaswende. Hicho ni kipimo kingine, na kimoja hakikai mahali pa kingine. Damu yaweza kupatana na huku ina ugonjwa, au kuwa safi na isipatane. Mficha maradhi, kilio kitamfichua, na safari hii kilio kitakuwa cha nyumba ya mwenzake.

Pili, tuangalie majina. Katika nchi ambazo kila ajali ya namna hii huandikwa, imeonekana kwamba damu isiyofaa mara nyingi haitokani na ubaya wa dawa za kupimia. Hutokana na kubadilishana kwa majina. Nani hajui kwamba hapa kwetu Kivu katika chumba kimoja waweza kukuta Furaha wawili na Bahati watatu? Mwuguzi akija kuchukua damu ya kupimia, aandike jina kwenye kichupa pale pale kitandani. Akija na mfuko wa damu, asiulize, "Wewe ndiwe Furaha?" maana mgonjwa mwenye homa huitikia kila kitu. Aulize, "Jina lako nani? Baba yako nani? Umetoka wapi?" Nasi tulio karibu tujibu kwa majina yote. Wala tusimhamishe mgonjwa kitanda kwa siri ili apate mahali pazuri karibu na dirisha.

Tatu, damu ikianza kuingia, tusiende kulala. Robo saa ya kwanza ndiyo ya kuangalia sana. Mgonjwa akitetemeka, akilalamika mgongo au kifua, au akihema vibaya, tumwite mwuguzi mara moja, aifunge damu. Asione mtu haya kuita bure. Kuita bure mara kumi ni afadhali kuliko kunyamaza mara moja.

Nne, mgonjwa aliyetiwa damu jana apimwe tena leo. Wazazi wenye watoto wa SS wanajua habari hii: mtoto wao hutiwa damu mara kwa mara, na kila mara mwili wake waweza kupata askari wapya. Kwa mgonjwa aliyetiwa damu katika miezi mitatu iliyopita, damu ya kupimia isiwe imetolewa zaidi ya siku tatu. Karatasi ya mwaka jana ni ya kukumbusha tu. Haikai mahali pa kipimo cha leo. Tuzitunze karatasi hizo hata hivyo, kwa kuwa fundi akiona kwamba zamani kulikuwa na shida, atajua la kutafuta.

Tano, tusingoje msiba ndipo tutafute damu. Mtu mzima mwenye afya, mwenye uzito wa kilo 50 au zaidi, aweza kutoa damu kila baada ya miezi mitatu akiwa mwanamume, kila baada ya miezi minne akiwa mwanamke asiye na mimba wala asiyenyonyesha. Damu iliyokwisha kutolewa, kupimwa na kuwekwa katika frigo ndiyo inayopunguza ile saa ndefu ya kungoja. Kama parokia moja ina watu thelathini wanaojulikana kwa kundi lao na walio tayari kuitwa, mama mwenye kuzaa usiku ana tumaini kubwa kuliko yule ambaye jamaa zake wanaanza kukimbia na taa kutafuta mtu wa O.

Tunajua kwamba hospitali zetu nyingi ni maskini. Umeme hukatika, dawa za kupimia huisha, barabara huharibika. Tuwadai wakubwa vitu hivyo bila kuchoka, maana ni haki ya wagonjwa. Lakini uvumilivu wa kungoja kipimo, na kinywa cha kutomsingizia mke wa mtu, hivyo havinunuliwi kwa feza. Viko mikononi mwetu tangu leo.

Basi, ndugu wapenzi, tukisema "huyu ni damu yangu", tuseme kwa mapendo, wala tusiache kusema hivyo. Ila tukifika mlangoni pa maabara, tuliache neno hilo nje, tunyooshe mkono, tungoje. Na damu yetu ikikataliwa, tumshukuru aliyeikataa, kisha tutoke upesi tumwite jirani.